Koo Moja, Kazi Mbili

Jumapili moja nilisoma vichwa vya habari vizuri kabisa. Nilipofika katikati ya habari ya pili, sauti ikapwelea. Nikameza mate, nikajaribu tena, ukatoka mkwaruzo mtupu. Mtangazaji mwenzangu akanigusa mkono chini ya meza, akaidaka habari palepale nilipoiachia. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa jukwaani nikiimba hadi saa nane.

Daktari aliniambia nyuzi za sauti zimevimba. Akanipiga marufuku kuzungumza kwa siku tano, hata kunong'ona, maana kunong'ona nako huzikaza. Noti ambayo bendi nyingi hulinganishia ala ni ya hezi 440: mwimbaji akiitoa, nyuzi zake hugongana mara 440 kwa sekunde moja tu. Na mimi nilikuwa nimeimba usiku mzima, kisha nikazipeleka nyuzi zilezile studio.

Ila nilipoupitia usiku ule hatua kwa hatua, niligundua kuwa si kuimba peke yake kulikoniponza. Niliposhuka jukwaani nilisimama kando ya spika karibu saa nzima, nikiongea na mashabiki kwa kupiga kelele ili tusikilizane. Jukwaani nina maikrofoni inayonibebea sauti. Pale sikuwa na kitu. Siku hizi nikimaliza kuimba natoka nje ya ukumbi, anayetaka picha au maneno mawili anikute huko. Ndugu zangu mnaofanya kazi hizi mbili, hilo lishikeni kabla ya tangawizi na asali.

Maji nakunywa tangu asubuhi. Ukiyanywa dakika mbili kabla ya kwenda hewani unalainisha mdomo tu, kwa sababu maji hupita njia ya chakula, hayagusi nyuzi. Kabla ya habari navumisha sauti taratibu midomo ikiwa imefumbwa, kama nifanyavyo kabla ya kuimba. Na usiku wa kuamkia zamu siimbi, hata malipo yawe mazuri kiasi gani. Ratiba ya maonyesho nampa mhariri kabla sijamkubalia mwandaaji yeyote.

Jina nalo ni moja, na hili linaniuma kuliko koo. Mtazamaji akikuona umeimba kwenye harusi hana neno. Akikuona umeimba kwenye mkutano wa kisiasa, kesho atasikiliza habari zako akikutafutia upande. Ndiyo maana nyimbo zangu hazipigwi kwenye kipindi changu, na mwandaaji aliyewahi kunilipa akiwa habari, anahojiwa na mwenzangu. Yote hayo niliomba yaandikwe kwenye mkataba, kwa kuwa ruhusa ya mdomo huondoka na bosi aliyeitoa.

Mwaka mmoja uliletwa kwangu wimbo wa kampeni, umeshatungwa, nitie sauti tu. Fedha ilikuwa nyingi na nilikuwa na madeni ya studio. Nilikataa. Wiki mbili baadaye nilipangiwa kumhoji mgombea wa upande wa pili, na nikamuuliza maswali yangu yote.