Mwanangu, kuhusu vile vichekesho ulivyoniuliza

Assalaam alaykum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza sikuambulia kitu maana kuna bodaboda lilisimama hapa dirishani linanguruma, ya pili nikacheka, ya tatu nikakaa kimya. Umesema juzi hapo Dodoma ulimwekea mjukuu wangu Vitimbi, kile kichekesho cha tivii cha Kenya, kwenye simu, ulitaka aone nyie mlichokuwa mnavunjika mbavu nacho, dakika tano tu mtoto kalala, na we mwenyewe ukajikuta hucheki. Ndo ukaniuliza, baba hivi vile vichekesho vilikuwa vinachekesha kweli au tulikuwa hatuna kingine cha kuangalia? Mama yako akasema mjibu kwa voisi, nikamwambia hili si la voisi, hili la kukaa chini. Kwa hiyo nivumilie, mi mikono yangu imezoea bisibisi, hii kibodi ya simu hatuelewani kabisa.

Sasa nianze na hilo la kukosa kingine maana lina ukweli wake. We umezaliwa tivii ipo ndani, unadhani ilikuwepo siku zote. Huku bara hapakuwa na kituo cha tivii hata kimoja mpaka 1994 ndo ITV na wenzake wakaanza, wakati Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi! Sie Tanga tulikuwa tunakaa tunatazama upande wa Pemba huko ng'ambo ya maji, tunajua wenzetu sa hizi wanaangalia, sie tuna redio. Na redio nayo isidharauliwe, Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walikuwa wanafunga mtaa mzima, mtu anaacha mboga jikoni inaungua. Masikio yetu yalifundishwa kucheka kabla ya macho.

Bas palikuwa na mzee mmoja Barabara ya 12, jirani na kibanda nilichokuwa najifunzia ufundi, akaleta tivii ya chogo nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari. Ikafungwa antena juu ya mlingoti mrefu huo umeungwa mabomba matatu, na mdogo kuliko mafundi wote ni mimi, kwa hiyo anayepanda bati ni nani? Ni miye. Kule chini wanapiga kelele geuza, geuza, rudi, umepitiliza, hapohapo usiguse! Nikiachia mlingoti picha inaondoka, chenga tupu, nikishika inarudi, ikawa mwili wangu nao ni sehemu ya antena. Usiku wa kaskazi, joto, hamna upepo, ndo ilikuwa inashika vizuri, baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba joto likikaa juu ya bahari namna ile mawimbi yanapinda yanafuata maji yanafika mbali kuliko kawaida. Wakati ule tulidhani ni bahati ya mzee.

Sasa siku hiyo nimeshika mlingoti juu ya bati karibu nusu saa, nasikia chini watu wanacheka, wanacheka mpaka kuna mama mmoja anasema jamani nitakufa, na mi sisikii mtu hata mmoja anayeongea kwenye tivii. Nikajiuliza wanacheka nini hawa, mbona huyo mchekeshaji haongei? Niliposhuka kipindi kimekwisha. Kumbe alikuwa Mr Bean. Yani kichekesho changu cha kwanza cha tivii ni cha mtu asiyesema, nami nimekisikiliza. Wakanisimulia pale pale, kila mmoja na lake, mmoja anaigiza macho mwingine anaigiza kutembea, hadi leo nikikiona chenyewe naona kama wale wa barazani walikifanya vizuri zaidi. Kile kituo chenyewe sikukijua, Pemba au Mombasa, nembo yote ilikuwa chenga.

Sasa kwa ajili ya swali lako nimefanya utafiti kama ninyi wasomi. Hiyo tivii kubwa uliyotuletea, usiku nne mfululizo nimekaa mimi na mama yako na yule mjukuu wa jirani wa miaka tisa, tukaweka vya zamani kimojakimoja kutoka YouTube. Bando limekwisha mara mbili, hilo tutaongea mbele.

Tukaanza na Mind Your Language. Unaikumbuka, lile darasa la jioni London, mwalimu Mr Brown anafundisha Kiingereza wageni wa kila nchi, Mhindi, Mpakistani, Mtaliano, Mchina. Mi niliipenda sana hiyo, Kiingereza changu nusu nimekitoa mle. Safari hii nilicheka mara mbili, ya tatu ikanikwama kooni. Nilikumbuka nilipokwenda Dar kusomea ufundi, nikifungua mdomo Kibondei chetu kinachomoza, darasa zima linaanguka, mpaka nikawa sijibu maswali hata ninayoyajua. Na nimeona kwamba huko kwao Uingereza ilianza 1977 na 1979 wakaisimamisha, mkubwa wa kituo chenyewe akiona inawadhalilisha hao wageni, ingawa ilikuja kurudi kidogo 1986. Sie watu wa huku ambao ndo hao hao tunaochekwa tukaipokea kwa mikono miwili tukawa tunaikariri! Mama yako hakubaliani nami hata kidogo. Anasema pale kinachochekwa ni Kiingereza, si watu, na kwamba yule mwalimu anawaheshimu wanafunzi wake kuliko walimu wengi anaowajua yeye. Tumebishana mpaka mtoto wa jirani akatuuliza kama tunagombana.

Vitimbi ndo nikapata jibu la mtoto wako kulala. Mzee Ojwang pale nusu ya ucheshi wake ni lafudhi, anazungumza Kiswahili cha mzee wa Kijaluo, wakati mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, unaona kazi hiyo? Sasa sie wa Tanga tuna mpaka hapo Horohoro, Wakenya tunaonana nao kila siku, tunajua Mjaluo anavyoongea na Mkamba anavyoongea, ndo maana tukasikia utamu, na Mama Kayai, yule mkewe wa mchezoni, akimjibu ndo kabisa. Mjukuu wangu kazaliwa Dodoma, masikio yake hayajawahi kumsikia mzee wa namna ile, atacheka nini? Ni sawa na kumpa bada, ule ugali wetu wa muhogo, mtu ambaye hajawahi kula muhogo, ataona uji umeganda. Kwa hiyo usimlaumu. Mimi nilicheka sana, nikiri, na nikijua kabisa nimetoka kulaumu lafudhi ya London dakika chache nyuma. Sijui nifanyeje na hilo.

Mr Bean hakuhitaji kuelezwa. Kile cha kwenye bwawa, kapanda juu kwenye ubao wa kurukia halafu anaogopa kuruka na anaogopa kushuka mbele za watoto, mtoto wa jirani alitoka kwenye kochi akaenda chini. Na we unajua vile vipindi vyote vya Mr Bean mwenyewe ni 15 tu? Kumi na tano! Dunia nzima inavirudia tangu 1990, mi nilidhani ni mia. Halafu Rowan Atkinson kasomea umeme, uhandisi kabisa mpaka Oxford, hilo nililipata nikaenda kumwambia kila fundi hapa mtaani. Ndo maana, ukimwangalia ule mpangilio ni wa fundi, kila kitu anachogusa mwanzo lazima kije kumrudia mwisho, kama saketi, hamna waya unaoning'inia bure.

Orijino Komedi nilidhani ndo itatuua kwa kicheko maana nyie wakati ule wakiwa EATV bado wanaitwa Ze Comedy, na hata walipohamia TBC1, humu ndani hapakaliki, we na kaka yako kila asubuhi mnaigiza Joti na Masanja mpaka uniform hazivaliwi. Lakini mwanangu, nusu yake sasa hivi imeniacha. Walikuwa wanacheza na habari za wiki ile, kiongozi fulani kasema hivi, wimbo fulani umetoka, sa ukiangalia leo unakaa unajiuliza huyu wanayemwiga ni nani na alikuwa kasema nini. Kama gazeti la kufungia vitumbua. Kilichobaki ni Joti akivaa ushungi akawa bibi, hapo bado nacheka.

Na Majuto.

Huyo nimemwacha usiku wa mwisho makusudi. Unajua sie watu wa Tanga kwa Mzee Majuto hatuna haki, hatuwezi kuhukumu sawasawa, ni wetu. Lakini nijaribu. Zile filamu zake za vichekesho kama fundi zinaniuma, sauti inaingia upepo, hadithi inavutwa ili itoke sehemu ya kwanza na ya pili iuzwe mara mbili, mtu anatembea kutoka mlangoni mpaka getini dakika tatu na muziki juu. Zingine niliruka. Ila akiingia yeye, nimewaangalia mama yako na yule mtoto, wote walianza kutabasamu kabla hajasema neno. Kwa nini? Nimekaa nimelifikiria. Nadhani yeye hachekeshi kwa kumcheka mwingine, anajiweka yeye ndo mpumbavu, yeye ndo mchoyo, yeye ndo mzee mpenda vya bure anayeumbuka, na kizuri chake kikubwa si anapoongea, ni pale mtu anamdanganya naye anasikiliza. Angalia ule uso. Anajua anadanganywa, anapiga hesabu na yeye atadanganya vipi, yote iko machoni na mdomoni pale, hajatamka kitu. Pwagu kapata pwaguzi. Na akija kutamka anatamka kama mjomba wako wa Pongwe, yani ndo mara ya kwanza boksi lile liliongea kwa mdomo wetu, si wa Nairobi wala wa London.

Ile Agosti 2018 alipofariki Muhimbili wakamleta kuzikwa huku nyumbani Tanga, mi nilifunga kibanda. We uliniuliza kwenye simu mbona hupatikani, nikakwambia chaji. Haikuwa chaji.

Bas ndo hivyo. Na vya sasa usidhani sivioni, naviona, hivyo vya dakika moja moja ninavyotumiwa kwenye simu. Mkojani ananichekesha, na hawa vijana wa Cheka Tu wanaosimama na maiki peke yao nawavulia kofia, kusimama mbele za watu huna mwenzio wa kukujibu si mchezo, kuna mmoja alieleza habari ya mwenye nyumba anayepiga hodi tarehe moja alfajiri nikamrudia mara nne. Ninachokichukia ni zile sauti wanazotia, tiririii, kicheko cha mashine, uso wa mtu unavutwa karibu ghafla, kama vile wananishika bega wananiambia mzee cheka hapa. Niachie nicheke mwenyewe! Halafu kabla sijamaliza kucheka kimeshaingia kingine. Mama yako yeye kahamia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, anasema ni za kulia, mi ndo nazicheka kuliko vichekesho vyenyewe, mtu kavaa kilemba na upanga halafu anasema "poa".

Kwa mjukuu wangu fanya hivi. Usianze na Vitimbi, anza na Mr Bean wa bwawani, akishanogewa mpe Majuto, ila kipande kifupi, ruka ile ya kutembea mpaka getini. Na usimpe simu ukaenda zako jikoni, kaa naye, akuone na we unacheka, mtoto hujifunzia hapo pa kuchekea. Vitimbi ngoja nije mi mwenyewe nimfundishe lafudhi kwanza.

Idd mkija niletee ule waya wa HDMI mrefu, huu uliopo mfupi inabidi nikae nimebanana na tivii kama zamani na mlingoti. Na ile chogo ya yule mzee wa Barabara ya 12, mwambie mjukuu wangu ninayo, familia yake walitaka kuitupa nikaichukua, utumbo wake nimeutoa siku nyingi kwa ajili ya spea, sasa iko nyuma ya nyumba na kioo hakina, kuku wa mama yako kaingia mle anatamia mayai nane. Ukipita mbele unamwona kakaa katikati ya skrini anakukazia macho kama msoma taarifa ya habari. Akija mjukuu wangu tutamwekea kiti.

Baba yako