Kigaga kwenye sikio la paka mweupe

Wenzangu mnaoanza kutibu wanyama hapa Tanga, mtaletewa ng'ombe, mbuzi na kuku kila siku, paka mara chache. Hao wachache msiwapitie haraka, hasa paka mweupe mwenye kigaga kwenye sikio, maana kansa ya jua inamla huku sote tukidhani ni jeraha.

Mwenyewe atakwambia, "Dokta, huyu kapigana." Na kweli paka wa mtaa wa Ngamiani wanapigana. Lakini jeraha la kupigana likitunzwa hupona. Kigaga cha jua kinabanduka, kinatoka damu kidogo, kinajifunga tena, na kila kikirudi ukingo wa sikio umelika zaidi. Uliza kimeanza lini. Ukijibiwa tangu kabla ya Ramadhani na sasa ni Mfungo Tatu, achana na habari ya ugomvi. Tazama pia pua na kope, kokote manyoya yalipo machache na ngozi haina weusi wa kuikinga. Utitiri nao huanzia kwenye kingo za masikio, ila unawasha vibaya, na ukikwangua ngozi unawaona wadudu kwenye hadubini. Basi kwangua kila mara, hata ukiwa na uhakika.

Tiba ya sikio ni kisu, na mapema. Mlaze kwa nusu kaputi, kata ukiacha nafasi ya ngozi nzima pembeni mwa kidonda, sentimita moja ukiweza. Ulichokata kiweke kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kipelekwe maabara. Kabla ya yote papasa tezi za chini ya taya, ingawa kansa hii kwa kawaida husambaa polepole, na hapo ndipo penye matumaini yetu: sikio likikatwa mapema, paka wengi hupona kabisa.

Kazi ngumu ni kuzungumza na mwenye paka. "Akatwe masikio? Atakuwa paka gani huyo?" Usimkemee, anampenda. Mwambie kinachosikia kiko ndani ya kichwa, kwa hiyo paka ataendelea kusikia panya kama zamani. Mkumbushe kwamba ndugu zetu wenye ualbino huambiwa wavae kofia pana na mikono mirefu kwa sababu hiyohiyo ya ngozi kukosa rangi. Nimeona watu wakikubali hapohapo, kwa sababu jambo hilo wanalijua tayari.

Pua ni mtihani zaidi. Kidonda kidogo cha juujuu kinaweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ileile wanayohifadhia mbegu za madume wenzetu wa uhimilishaji, lakini jifunze kwanza kwa aliyekwisha kuifanya. Uingereza na Marekani wapo wanaotibu pua kwa mionzi.

Maumivu yatibiwe kwa dawa ya paka. Parasetamo kamwe! Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na watu huwapa kwa huruma, kwa hiyo waonye kabla hawajaondoka.

Kuhusu kinga, tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua ni kali mwaka mzima. Paka akae ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Watu watasema paka hafungiki. Shauri ninalowapa ni wampe chakula kabla ya saa nne kisha wafunge mlango. Akishashiba atalala, badala ya kupanda kuota jua juu ya bati. Mafuta ya binadamu ya kuzuia jua wasimpake ovyo, kwani mengi yana zinki au salisileti, ambazo ni sumu kwake, na paka hulamba kila anachopakwa. Yatumike yaliyotengenezwa kwa paka tu, kama yanapatikana.

Aliyekatwa sikio moja mwite tena baada ya miezi mitatu umtazame la pili, kwa sababu yote mawili yamepigwa na jua lilelile. Na uliza kama nyumbani kuna paka mwingine mweupe, aje naye.