Maswali na Majibu: Uzi Ukibanduka

Nimechomoa nyuzi 10 za kioo kwenye resini ya epoksi, nikagawanya nguvu ya juu kabisa kwa eneo lililozama. Je, hiyo ndiyo nguvu ya mpaka wa uzi na resini?

La. Swali hili haliishi kuja, na kila mara mwulizaji ameshajaza jedwali. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mkazo umeenea sawasawa urefu wote uliozama. Haukuenea. Hurundikana karibu na pale uzi unapoingia kwenye resini; ufa huanzia hapo na kushuka ndani. Nguvu inapofika kileleni, sehemu ya juu imeshabanduka na inasuguana tu, huku ya chini bado imeshika. Kwa hiyo namba yako ina gundi na msuguano ndani yake. Isitoshe, epoksi ikipoa husinyaa kuliko kioo na kuubana uzi, nawe ukauita mbano huo mshiko.

Tafuta pale mstari wa mchoro wa nguvu ya kuvuta unapopinda kwa mara ya kwanza, kabla ya kilele: kubanduka kumeanza. Hutapaona ikiwa umeacha uzi mrefu hewani kati ya kishikio na resini, kwa sababu mvutiko wake hufunika kila kitu. Kisha chora nguvu dhidi ya urefu uliozama, uone kama bado unauamini huo wastani wa nyuzi 10.

Naweza kutumia kipenyo alichoandika mtengenezaji?

Pima mwenyewe. Uzi wa kaboni una takriban maikromita 7; ukikosea 1 tu, umeshapotea kwa asilimia 14.

Kuchomoa uzi, kuvuta tone la resini, au kuukatakata uzi ukiwa ndani ya resini: kipi bora?

Kile ambacho resini yako inakiruhusu. Njia ya kuukatakata uzi vipande, inayotegemea hesabu ya watafiti Kelly na Tyson ya 1965, hutaka resini ivutike angalau mara 3 ya uzi kabla ya kukatika. Kama yako huvunjika kikavu, achana nayo. Na matokeo ya njia mbili msiyalinganishe kama ya njia moja. Najua mtayalinganisha.

Nipake nini ili uzi usibanduke kamwe?

Kwani nani kakwambia hilo ni jambo jema? Watafiti Cook na Gordon walieleza mwaka 1964 kwamba mpaka ulio dhaifu kiasi hufunguka mbele ya ufa unaokuja, ukaugeuza njia. Mpaka ukiwa na nguvu kupita kiasi, ufa hukata resini na uzi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana katika kauri za kabidi ya silikoni nyuzi hupakwa nitridi ya boroni au kaboni, makusudi, ili zibanduke. Silani, kemikali inayopakwa nyuzi za kioo ili zishikane na resini, ina kazi yake, hasa pale mzigo unapovuta kukingama na nyuzi. Lakini anayetaka kipande kisichovunjika ghafla asiimwage bila kufikiri.

Chini ya darubini ya elektroni nyuzi zimetoka safi. Mshiko ni mbaya?

Mpaka ndio ulioachia, basi. Ubaya unategemea ulitaka nini. Picha moja nzuri si ushahidi. Halafu sampuli zilihifadhiwa wapi? Unyevu hudhoofisha mpaka wa nyuzi za kioo, na barua yako haisemi kama zilikuwa kavu.