Sera ya majengo ya kubana umeme ianzie kwenye kiwanja, sio kwenye sola

Kila ikija mada ya serikali kuweka kanuni za majengo yanayotumia umeme kidogo, wasanifu wengi tunakimbilia kuongelea sola, taa za LED na AC za inveta, na mimi nasema wazi kabisa hayo yote yaje mwishoni. Nachora nyumba Dar, wateja wangu wengi ni watu wa kawaida wanaojenga kidogo kidogo, na kile kitakachoamua mtu ale LUKU (umeme wa kulipia kabla) nyingi au kidogo mara nyingi kimeshaamuliwa kabla hajanipigia simu.

Kimeamuliwa siku viwanja vilipopimwa. Mtaa ukikatwa viwanja vyembamba virefu vinavyolala kaskazini kusini, nikishaacha zile nafasi za mpakani zinazotakiwa, nyumba haina tena pa kugeukia, kuta ndefu lazima ziangalie mashariki na magharibi, na huko ndo jua linapiga vibaya, la asubuhi na la saa kumi jioni linakuja chini chini mpaka kitandani hata utokeze paa kiasi gani. Ukuta unaoangalia kaskazini au kusini ni habari nyingine kabisa. Hapa Dar mwezi wa 6 jua likiwa limehamia kaskazini kabisa, saa sita mchana bado liko juu karibu nyuzi 60, kwahiyo paa likitokeza sentimita 90 tu linatia kivuli kama mita 1 na nusu ya ukuta, yaani dirisha karibu zima liko kivulini na hujanunua mtambo wowote. Na upande wa kusini ndo unaopokea upepo wa kusi, kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka inaingia upande wa pili. Jua na upepo vyote vinataka nyumba ilale mashariki magharibi, bahati iliyoje, halafu tunaipoteza kwenye ramani ya mipango miji!

Kwahiyo ombi langu la kwanza kwa watunga sera sio ruzuku, ni kwamba mchoro wa mitaa mipya ukaguliwe kwa jua na upepo kama unavyokaguliwa kwa upana wa barabara.

La pili ni kibali cha ujenzi. Nimewahi kurudishiwa michoro kwa sababu ya kipimo cha ngazi, sawa, ngazi ni usalama, ila sijawahi kuulizwa dirisha linafunguka kiasi gani au lina kivuli gani. Angalia haya madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi ambayo kila fundi anayo, dirisha la mita 1 na nusu likifunguliwa lote upepo unapita kwenye nusu yake tu, maana kioo kimoja kinaenda kujificha nyuma ya kingine. Mtu analipia dirisha zima anapata hewa ya nusu dirisha, halafu chumba kikiwaka anaenda kununua AC. Dirisha la kufungukia nje au la vioo vya luva linaachia karibu uwazi wote. Na hizi nyumba za paa la kuficha zinazopendwa sasa, ambazo paa halitokezi nje ya ukuta, jamani, ukuta mzima uko uchi kwa jua na mvua. Mteja akiniletea picha ya hiyo nyumba simkatalii, ila namwambia tuweke zege linalotokeza juu ya kila dirisha litie kivuli, na wengi wakielezwa vizuri wanakubali.

Wenzetu wameshaanza kuweka kanuni. Kenya mwaka 2012 walitoa kanuni ya hita za maji za sola kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. Nia nzuri, ila kwa maoni yangu ukianza na kifaa watu watanunua kifaa na nyumba yenyewe itabaki vilevile. Rwanda mwaka 2019 walienda njia ya kima cha chini cha majengo ya kijani, yaani yanayotunza nishati, maji na mazingira, na hiyo naiona karibu zaidi na tunachohitaji kwa sababu inaangalia jengo zima. Vyeti kama EDGE, ambacho kinataka upunguze asilimia 20 kwenye nishati, maji na athari ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, vinafaa maghorofa na mahoteli, mtu wa Chanika au Kibaha anayejenga vyumba vitatu hatokwenda huko, na hao ndo wengi.

Kuna jambo ambalo hatuliongelei kabisa. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme wetu wa maji umekuwa mwingi na huo hautoi hewa ukaa nyingi, kwahiyo hesabu ya kaboni ya nyumba zetu inazidi kuegemea kwenye saruji na nondo. Saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa duniani. Hapa sera ingeruhusu na kusimamia vizuri tofali za udongo za kufungamana, zenye saruji kidogo na hazihitaji lipu wala mota nyingi ya kuunganishia, mabadiliko yangeonekana haraka kuliko kwa sola.

Kama unajenga na kiwanja chako kimeshakaa vibaya, usikate tamaa. Upande wa magharibi weka choo, stoo na ngazi, vyumba vya kulala visogeze mbali na huko, panda mwarobaini mapema kabla hata ya msingi, na dari usiishushe.

Wasanifu wenzangu, tukiitwa kutoa maoni tusiende na maneno matupu. Chagua nyumba uliyochora ambayo watu wanalala bila AC mwezi wa 2, omba wenyewe wakupe kumbukumbu zao za LUKU za mwaka mzima, tafuta jirani mwenye nyumba ya ukubwa uleule akupe za kwake, ambatanisha na ramani zote mbili, weka mezani.