Maswali yenu: fedha iliyojificha kwenye vyuma chakavu

Bei ya madini ya fedha ikipanda, makabati hufunguliwa. Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi na kwa watu waliorithi vitu vya wazee wao.

Mimi ni fundi umeme, Mwanza. Nina debe zima la kontakta (swichi za umeme) za mota zilizoungua. Ni kweli zile pointi nyeupe ni fedha? Nikizipiga gesi zitaachia?

Kweli, fundi. Ni fedha iliyochanganywa na kitu kingine ili pointi zisigandane cheche zinapopiga: nikeli, oksaidi ya bati au, hasa kwenye za zamani, oksaidi ya kadmiamu. Kwa sababu ya hiyo ya mwisho nakuomba gesi uiweke chini. Mtu anaweza kuvuta moshi wa kadmiamu, akamaliza kazi, akala, akalala, na usiku mapafu yakaanza kujaa maji. Chukua koleo, kata mkono wa shaba karibu na pointi, kila kitu kopo lake. Shaba inauzika kivyake. Sumaku nayo isikudanganye: pointi yenye nikeli huvutwa kidogo, na bado sehemu yake kubwa ni fedha. Kuzisafisha waachie wenye tanuri lenye mtambo wa kunasa moshi.

Nina seti ya vijiko vya bibi vilivyogongwa EPNS. Nikiviyeyusha napata kiasi gani? (Msomaji, Tanga)

Karibu na sifuri. Ndani ni shaba, nikeli na zinki; fedha ni ngozi ya juu tu, nyembamba kuliko unywele. Asidi peke yake itakugharimu zaidi ya utakachovuna. Kijiko cha kuyeyusha kina alama ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000, au, kikiwa cha Uingereza, alama ya simba anayetembea. Hivyo vyako vilie pilau.

Mimi ni sonara mchanga, Mombasa. Mabaki ya cheni na hereni za 925 yamenijaa. Nayarudishaje yawe fedha safi?

Kwanza ujue kuyeyusha tu hakuiondoi shaba, na lehemu iliyomo inakuongezea zinki. Njia ya karakana ni asidi ya naitriki iliyozimuliwa kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yana kloridi, yataanza kuigandisha fedha kabla hujataka. Mabaki yakishayeyuka humo, maji huwa ya bluu kwa ajili ya shaba. Ukiona unga wa kahawia umebaki chini na hauyeyuki, usiumwage: huenda ni dhahabu iliyopakwa kwenye hereni.

Chuja, kisha chagua. Ukitumbukiza kipande cha shaba safi, shaba inaingia majini na fedha inatoka, inajikusanya juu yake rangi ya kijivu. Ukitia chumvi badala yake, kloridi ya fedha inashuka papo hapo, nyeupe, mabonge mabonge kama mtindi. Jua likiipiga inageuka zambarau. Hapo wengi hushangilia mapema. Gramu 100 za mabaki ya 925 hutoa kama gramu 123 za kloridi ikikauka, lakini fedha ndani yake ni zilezile 92.5. Na ukiipeleka kwenye moto ilivyo, sehemu inapaa na moshi. Ioshe mpaka maji yatoke hayana rangi, itie soda kostiki, halafu glukosi. Itapata joto yenyewe, iwe nyeusi, kisha kijivu. Hiyo sasa ndiyo fedha. Ioshe, ikaushe, iyeyushe na boraksi kwenye nyuzi 962. Viwanda humalizia kwa umeme, ambapo fuwele za 999 hukua ndani ya tangi.

Kazi yote ya asidi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni. Aliyevuta moshi wa kahawia unaotoka kwenye asidi hiyo aende hospitali hata akijiona mzima, kwa sababu madhara huja saa kadhaa baadaye. Amonia isiusogelee mchanganyiko huo: maji ya fedha yenye amonia yakiachwa yakae huzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Fedha yangu ikipoa inatema vipande. Imechafuka?

Hapana, imevuta hewa. Fedha iliyoyeyuka hubeba oksijeni kama mara 20 ya ujazo wake, na ikiganda huitapika. Ifunike kwa mkaa kabla ya kumimina. Na miwani uvae.

Zahanati yetu Dodoma imehamia kompyuta, tumebaki na magunia ya filamu za eksirei. Zina kitu?

Zina, gramu chache kwa kila mita ya mraba. Ule weusi wa picha ndiyo fedha yenyewe. Kuchoma ni njia ya zamani na mbaya, kwa kuwa filamu ni plastiki. Wanaojua kazi huivua ile ngozi ya juu kwa soda kostiki au vimeng'enya. Lakini kama chumba cha giza bado kina madumu ya dawa ya fiksa, anzeni hapo: fedha ya sehemu zisizopigwa mwale iliishia humo. Na filamu zina majina ya wagonjwa, msimkabidhi mpita njia.

Marehemu bibi alituachia mkufu wa reale za 1780. Sonara anasema aziyeyushe zitoke bangili. Tukubali? (Msomaji, Unguja)

Poleni na msiba. Reale za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zilizopigwa baada ya kifo chake zote husema 1780, mwaka aliofariki, hata za karne ya 20, kwa hiyo tarehe haikuambii umri. Kila moja ina gramu 28.07 za fedha ya 833, yaani kama gramu 23.4 safi. Wafua fedha wa Oman walikuwa wakiziyeyusha kutengeneza vikuku na mapambo ya jambia, sonara wenu hajazua jambo. Ila bangili itakayotoka haitafika 925 mpaka aongeze fedha safi, na hiyo mtailipia nyinyi. Mimi ningeuacha mkufu ulivyo. Mkibanwa na shida, uzeni kwanza kwa wakusanya sarafu. Na kama kwenye mkufu huo kuna shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946, hizo zina fedha robo tu, haifiki gramu 2 kwa moja. Za 1948 kuendelea hazina kabisa.