Ami kaandikiwa prednisoloni: mambo ya kuuliza unapomuuguza mwenye kifua kikuu

Wapemba tukienda kumjulia hali mgonjwa hatwendi mikono mitupu. Huchukua machungwa, maboflo, na ushauri. Ami alipolazwa kwa kifua kikuu, mapafu yote mawili yameshashikwa na anapumulia oksijeni, ushauri uliofika kitandani pake ulikuwa mwingi kuliko machungwa. Mmoja alitaka anyweshwe kombe, mwengine asali na habbat soda. Wa tatu akanivuta pembeni: "Mtafutieni prednisoloni. Shemegi yangu alikuwa hajiwezi, ikamnyanyua mara moja."

Huyo wa tatu hakuwa akisema uongo, na ndiyo maana maneno yake yana hatari kuliko ya wenzake. Prednisoloni, kama nduguye deksamethasoni, ni steroidi. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili. Homa, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula, hata sehemu ya uvimbe ndani ya pafu, mengi katika hayo huletwa na mwili wenyewe unapopigana na vijidudu. Ukiinyamazisha kinga, homa inashuka, mgonjwa anaomba wali na mchuzi, anakaa kitako anazungumza na wageni. Vijidudu lakini viko pale pale. Steroidi haiui hata kimoja. Vinauliwa na zile dawa nne za spitali, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi 2, kisha mbili za mwanzo kwa miezi 4 mingine. Hizo ndizo dawa. Steroidi, hata ikitolewa kwa haki yake, ni msaidizi tu.

Nilimuuliza daktari wa wadi waziwazi. Akanambia kwamba kwa kifua kikuu cha mapafu peke yake, hata kikiwa kikali, steroidi si matibabu ya kawaida. Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa wagonjwa wa aina hiyo, mengi yao ya zamani. Waliopewa steroidi walielekea kuongeza uzito na kupata nafuu mapema, ila vifo havikuonekana kupungua, wala makohozi hayakuonekana kusafika haraka zaidi. Kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo ni habari nyengine kabisa. Vietnam, katika utafiti uliotangazwa 2004 wa wagonjwa 545 waliozidi umri wa miaka 14, waliofariki walikuwa kama asilimia 32 kwa waliopewa deksamethasoni na asilimia 41 kwa wasiopewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza steroidi kwa kifua kikuu cha utando wa ubongo. Mwenye maji kwenye mfuko wa moyo kwa sababu ya kifua kikuu naye anaweza kupewa.

Ami hakuwa na hayo mawili. Alipewa kwa muda mfupi kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi juu ya oksijeni yote ile. "Huu ni uamuzi wangu kwa mgonjwa huyu," daktari alisema, "usende ukawaambia watu kuwa ndiyo dawa ya TB." Nilimheshimu kwa maneno hayo. Daktari anayekutofautishia lililothibitishwa na analolipima kwa akili yake ni wa kumshikilia.

Sasa neno langu kubwa. Ikiwa mtu wako anakohoa wiki mbili na kuendelea, na hajapimwa makohozi, usimnunulie steroidi dukani kwa jina lolote litakalotajwa: ya pumu, ya maungo, ya kunenepa. Mtaani kwetu kuna kijana aliyefanya hivyo. Akajaa mashavu, watu wakamsifu kuwa karudi hali yake. Mashavu yale yalikuwa ya vidonge, na kinga imelazwa, vijidudu havina wa kuvizuia. Alipofika kupimwa alikuwa taabani, na siku zote hizo alikuwa akilala chumba kimoja na watoto. Kupimwa kifua kikuu na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Vidonge vile alivitolea pesa mfukoni.

Na ikiwa daktari ndiye aliyeandika? Basi mpe taarifa zote, usingoje aulize. Ami ana kisukari cha miaka, na hapa ndipo tulipopata kazi. Prednisoloni inapandisha sukari. Ukiinywa asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kwa hiyo kipimo cha kabla ya chai kinaweza kusoma vizuri na ukajipongeza bure. Mwambie daktari akupangie na kipimo cha jioni. Juu ya hayo, rifampisini hulifanya ini liziondoshe dawa nyingi haraka, na baadhi ya vidonge vya kisukari vimo, kama glibenklamidi. Ami ikabidi ahamishiwe insulini kwa muda. Alinuna, lakini akakubali.

Rifampisini hiyo hiyo huiondosha na prednisoloni, kiasi kwamba nusu yake au zaidi inaweza kupotea. Ukiona mgonjwa wako anapewa vidonge vingi kuliko mwenye pumu wa jirani, usivipunguze kwa huruma. Na ukiona mkojo una rangi ya machungwa, hiyo ni rifampisini, si damu.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni minyoo. Kuna mnyoo mdogo, strongiloidi, unaoingia kwa miguu peku kutoka kwenye udongo na kukaa tumboni miaka mingi bila kelele. Kinga ikilazwa na steroidi, unaweza kuzaana ukasambaa mwili mzima na kuua. Visiwani kwetu, nani hajatembea peku shambani? Kidonge kimoja cha albendazoli kama kile wanachogaiwa watoto skuli hakiutoshi mnyoo huu. Dawa yake hasa ni ivamektini. Muulize daktari kabla ya kuanza.

Kuacha nako kuna taratibu zake. Mwili hutengeneza homoni ya namna hii wenyewe, kwenye tezi zilizo juu ya figo, na vidonge vikiingia kwa wiki kadhaa tezi zile huzembea. Ukikata ghafla mgonjwa anaweza kulegea, kutapika, presha ikaporomoka. Ndiyo maana kipimo hushushwa kidogo kidogo. Katika kushusha, homa inaweza kurudi na watu wakaanza kusema dawa za TB zimeshindwa. Mpeleke kwa daktari. Usimwongezee prednisoloni mwenyewe, wala usimwachishe zile za TB. Akitoa choo cheusi, akibadilika akili au akiona kiu isiyokatika, mwende siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Saa za kunywa zilitusumbua. Dawa za TB kwa kawaida hunywewa tumbo tupu, na prednisoloni baada ya chakula, asubuhi, maana usiku inaondoa usingizi. Ramadhani ikaingia katikati na Ami akashikilia kufunga. Mie sikusikilizwa. Alipokuja imamu wa msikitini kwetu akamwambia mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona, akanywa uji asubuhi ile bila ubishi.

Vidonge vya prednisoloni vilivyobaki nilivirudisha spitali mwenyewe. Binamu yangu alikuwa keshaviulizia kwa ajili ya mgongo wake.