Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mtoto asiyefunga vifungo

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kutoa nauli kumpeleka mwanao wa miaka 6 kwenye tiba kwa vitendo (occupational therapy), ile ya kumsaidia mtoto afanye mwenyewe mambo ya kila siku kama kula na kuvaa, "wakamchezeshe plastisini". Nakuelewa, nami nilisema hivyo hivyo. Shemeji yangu aliposikia wengine wanaiita tiba ya kazi, akauliza kama mtoto anafundishwa kufagia kambi.

Kijana wangu ana mtindio wa ubongo, upande wa kulia umekakamaa. Tunakaa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi hapa Uganda, baba yake askari. Mwalimu mmoja aliniambia nimemdekeza. Niliumia, ingawa hakukosea sana.

Siku ya kwanza mtaalamu wa tiba hiyo hata mkono hakuugusa. Alitazama miguu inavyoning'inia kitini. Akasema mtoto huyu nguvu zote zinaishia kujizuia asianguke, mikono ataitumia saa ngapi? Nyumbani tukageuza kreti ya soda, nyayo zikakanyaga hapo. Mpini wa kijiko tukauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ukanenepa. Posho (ugali) na maharage vikaanza kufika mdomoni, si kifuani.

Shati sasa. Kuvaa, mkono wenye shida hutangulia. Kuvua, huwa wa mwisho. Miaka yote nilifanya kinyume, naukunja kwa nguvu, analia. Na vifungo tulianzia mwisho: mimi nafunga vyote, kile cha mwisho nakipenyeza nusu tunduni, yeye anakivuta kwa mkono wake mzima. Akizoea, anaachiwa hicho chote, halafu viwili. Hivyo kila mara anayemaliza ni yeye, na uso wake unakuonyesha.

Vifungo vitatu vilitumaliza muhula mzima. Mkono haukunyooka, usidanganywe. Ila kilichonishinda zaidi ni mikono yangu mwenyewe: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boda anapiga honi nje, mtoto anahangaika na kifungo kimoja... nilikuwa namnyang'anya. Tukakubaliana asubuhi kifungo chake kimoja tu, mazoezi jioni.

Kama uko Kampala, ulizia Katalemwa Cheshire Home, kituo cha watoto wenye ulemavu. Upande wa Entebbe kuna CoRSU, hospitali ya watu wenye ulemavu, pale Kisubi. Beba shati lake la shule na kijiko anacholia nyumbani. Mimi nilimvalisha fulana mpya ya kuendea mjini, haina hata kifungo kimoja, tukarudishwa tukalete shati.